Shoti Ndefu: Karne ya Kamera Kuuzunguka Mlima Meru

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili walifungua karakana ya filamu kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Meja L. A. Notcutt aliwahi kusimamia shamba la mkonge na kuwaonyesha vibarua wake sinema. Geoffrey Latham alikuwa ametoka kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Mradi wao, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulitoa filamu fupi 35 hivi kabla ya kufungwa mwaka 1937: za safura, za mmomonyoko wa udongo, za benki ya akiba ya posta, za kodi. Walipiga kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri, kisha lori likabeba projekta na kuzunguka nayo vijijini. Nyuma ya shughuli hiyo yote kulikuwa na swali moja: Mwafrika aonyeshwe picha moja kwa muda gani kabla ya kuletewa nyingine?

Miaka tisini baadaye swali hilohilo ni zoezi la mwanzo la kijana anayesoma filamu Arusha. Anapewa kamera, au anaambiwa atumie simu yake, ampige mtu mmoja anayevuka daraja la Mto Themi. Apige ya mbali, ya kati na ya karibu. Akichagua kukaa upande mmoja wa njia ya yule mtu, asihamie upande wa pili, la sivyo kwenye mkato mtembeaji ataonekana anarudi alikotoka. Kila shoti aishike sekunde tano au zaidi, na kabla ya kuzima kamera arekodi nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe. Kata ya Themi inafaa kwa kazi hiyo. Ina mto unaoteremka kutoka Meru, ina viwanda na magodauni, ina malori ya barabara ya Njiro, ina viwanja vya Nanenane vinavyofurika watu kila Agosti. Na siku isiyo na mawingu mlima wenyewe, mita 4,566, unajipachika nyuma ya fremu bila kuombwa, kiasi kwamba walimu wengine huwakataza wanafunzi kuupiga mpaka waeleze unafanya nini pale.

Kanuni hizi hufundishwa kana kwamba zilikuja ndani ya sanduku la kamera. Zina umri, na kila moja ina mahali ilikozaliwa. Ile ya urefu wa shoti, ambayo mpiga picha na mhariri hugombana juu yake kuliko nyingine yoyote, imepita katika nchi hii mara nyingi, na kila ilipopita ilibeba sababu mpya: dharau, biashara ya ushujaa, uhaba wa mkanda, heshima, bei ya diski, ushahidi wa mauaji.

Sinema ilianza bila mkato. Filamu za ndugu Lumière za mwaka 1895 zilikuwa shoti moja ya sekunde kama hamsini, kwa sababu mkanda uliishia hapo. Ndani ya miaka ishirini Wamarekani Edwin Porter na D. W. Griffith walikwisha kujua kuruka kutoka kwa jambazi hadi kwa wanaomfukuza, na kuisogeza kamera mpaka usoni. Kule Urusi Lev Kuleshov akachukua uso uleule wa mwigizaji akauunganisha mara na sahani ya supu, mara na jeneza. Watazamaji wakaona njaa, kisha wakaona huzuni, ilhali uso haukubadilika. Sergei Eisenstein akaijenga filamu nzima juu ya nguvu hiyo mwaka 1925. Kwa hiyo Notcutt na Latham walipowasili Vugiri, lugha ya mikato ilikuwa imeshakuwa mali ya dunia, na Afrika Mashariki ilikuwa sehemu ya dunia hiyo. Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu 1921. Watu wa Dar es Salaam na Tanga walilipa fedha zao wenyewe kuona filamu za Hollywood na, baada ya 1931, za Bombay zenye nyimbo na sauti, na hakuna aliyewapunguzia kasi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, amekusanya kumbukumbu za watazamaji hao: walizijua filamu kwa undani, wakazijadili njiani kurudi nyumbani, wakarudi kuziona tena.

Maofisa wa serikali ya kikoloni hawakuwa na macho ya kuliona hilo. Mwenye sauti kubwa kati yao alikuwa William Sellers, bwana afya aliyeanzia Nigeria, ambaye mwaka 1939 aliwekwa kwenye uongozi wa Colonial Film Unit, kitengo cha filamu cha makoloni kilichoundwa London. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kufuata sinema ya kawaida, hivyo akaweka masharti: shoti ziwe ndefu, tendo lionekane tangu linaanza hadi linakwisha, kamera isizungushwe hovyo, picha zisiyeyukiane, pasiwe na hila ya kuruka muda. Ukitaka kuonyesha mtu anatoka nyumbani kwenda shambani, mwache atoke, atembee, afike.

Wataalamu wa zama zile walikuwa na kisa walichokipenda sana. John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alikisimulia, na mwaka 1962 Marshall McLuhan akakieneza duniani. Filamu ya usafi, ya dakika chache, ilionyeshwa kwa wanakijiji wa Afrika: mtu anafukia maji yaliyotuama, anaokota makopo, polepole kabisa. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba ndani ya filamu yao kuna kuku. Wakaikagua fremu kwa fremu, na kweli, kwa muda wa sekunde moja hivi kuku aliyeshtuliwa alikuwa ameruka kwenye kona ya picha. Wataalamu wakahitimisha kwamba watu hawa hawajajifunza kuitazama fremu nzima. Mimi nasoma kinyume. Wale wanakijiji walikuwa wahariri wazuri kuliko waliowaletea filamu. Katika picha ile ya kuchosha, kitu pekee kilichotokea bila kupangwa kilikuwa kuku, na jicho huenda kwenye kinachotembea. Mwanafunzi wa leo hufundishwa hilo kabla hajagusa programu ya kuhariri. Aliyeshindwa kuona kilichomo kwenye picha ni aliyeipiga.

Kulikuwa na jambo moja, hata hivyo, ambalo kitengo cha Sellers kililifanya na ambalo lilikuja kuishi kuliko ukoloni. Filamu nyingi zilikuwa hazina maneno. Pembeni ya gari la sinema alisimama mtu na kipaza sauti akieleza kwa lugha ya pale. Mtu huyo alikuwa na uwezo mkubwa ambao hakuna aliyempa kwa maandishi. Aliweza kuongeza utani, kurefusha sehemu, kuibadili hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mmoja wa vijana waliozunguka Tanganyika na sinema ya serikali alikuwa Rashidi Kawawa. Kampuni kutoka Afrika Kusini ilipokuja kutengeneza filamu za Kiswahili, Kawawa akaigiza katika Muhogo Mchungu na nyingine. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Ni viongozi wachache barani waliofika cheo kama hicho wakiwa wameshasimama mbele ya kamera na pembeni ya projekta, na nadhani hotuba zake zingesomwa upya kwa jicho hilo.

Wakati serikali inabishana kuhusu kasi ya mikato, kaskazini mwa nchi kamera zilikuwa zinatafuta wanyama. Wamarekani Martin na Osa Johnson walitoa filamu yao ya simba mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 wakaruka na ndege zao juu ya mbuga na vilele vya milima yetu. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu ya Serengeti iliyopigwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye ndege ndogo ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa Januari mwaka huo ndege hiyo ilipoanguka. Mwaka uliofuata filamu ikapata tuzo ya Oscar. Kwa mwanafunzi wa kamera ni darasa la kupiga kutoka angani miongo mingi kabla ya droni, lakini ni darasa pia la kile ambacho urefu wa juu hukifuta. Ukiwa mita mia tatu kutoka ardhini, kundi la nyumbu ni mto mzuri wa vitone, na boma la Mmasai nalo ni kitone tu. Mwaka huohuo wa 1959 sheria iliitenga Serengeti na Ngorongoro, na Wamasai wakatakiwa kuondoka upande wa Serengeti.

Kisha ikaja filamu ya Hatari!. Mwongozaji Howard Hawks alifika Tanganyika mwishoni mwa 1960 na John Wayne, Hardy Krüger, Elsa Martinelli na wengine, akapiga kambi kaskazini, na kituo cha kisa kikawa shamba la Momella, mashariki ya Meru. Alikuja bila hadithi iliyokamilika. Alipanga kwanza wapige ukamataji wa wanyama, faru, nyati, twiga, halafu kisa kijengwe kuzunguka kile ambacho wanyama wangekubali kutoa. Magari yalifungwa majukwaa ya kamera yakakimbia sambamba na gari la wakamataji. Waigizaji wenyewe walikaa kwenye kiti kilichofungwa mbele kwenye bawa la gari, na Hawks alihakikisha mtazamaji anajua: anakuacha kwenye picha pana, gari, vumbi, faru na uso wa John Wayne vyote ndani ya fremu moja, hakati. Mpiga picha wake, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania Oscar. Sellers alirefusha shoti kwa kuwa hakumwamini mtazamaji. Hawks aliirefusha kwa sababu alijua mtazamaji wa New York hamwamini yeye. Angekata tu, mtu angesema huyo si Wayne, ni mbadala wake.

Filamu ina dakika 157 na mimi bado nazifurahia nyingi. Mwishoni ndovu wadogo wanakimbia katika mitaa ya Arusha, na mzee yeyote wa mjini atakuonyesha ni kona gani. Mhariri Stuart Gilmore naye ni mwalimu: mlango unafunguliwa Momella, na mtu anaingia chumba kilichojengwa studio ya Paramount, California, bahari na bara zima vikiwa vimemezwa na mkato usiodumu hata sekunde. Lakini mwanafunzi wa hapa anapaswa kuiangalia ile mbuga tupu kwa swali la ziada. Novemba 1951, kwenye miteremko ya mashariki na kaskazini ya mlima huohuo, serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi igawiwe kwa mashamba ya mifugo ya walowezi. Mwaka 1952 msemaji wao, Kirilo Japhet, alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kulalamikia jambo hilo. Hawks alipiga jirani na hapo miaka tisa tu baadaye. Waafrika wamo katika filamu yake, wanaendesha, wanabeba, wanacheza ngoma. Hakuna anayepewa kisa chake. Shoti ndefu inayothibitisha kwamba Wayne yupo kweli kwenye gari haithibitishi kwamba nchi ilikuwa tupu. Fremu ina kingo nne, na kilichoachwa nje ya kingo hizo hakirudi kwa uhariri wowote.

Uhuru ulileta nia ya kujipiga wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa 1968. Mwaka 1974 ikaanzishwa taasisi ya picha na sauti Dar es Salaam kwa msaada wa Denmark. Vijana walipelekwa kusoma ng'ambo, wengi katika nchi za kijamaa. Martin Mhando alisomea Romania. Kanuni walizorudi nazo zikakutana na hesabu za mkanda. Futi 100 za milimita 16 ni chini ya dakika tatu. Futi 400 ni dakika 11. Kamera ndogo zilizoenea wakati ule, kama Bolex, ziliendeshwa kwa springi: ukiitia ufunguo hadi mwisho inakupa takriban sekunde 28, halafu inasimama, awe mtu amemaliza sentensi au hajamaliza. Mkanda ulinunuliwa kwa fedha za kigeni, ukapigwa, ukasafirishwa nje kusafishwa, na picha zikarudi baada ya wiki nyingi, mwigizaji akiwa ameshanyoa. Katika hali hiyo mtu hapigi shoti mara kumi na mbili. Anafanya mazoezi, anaomba Mungu, anapiga mara moja, mbili.

Kijana wa leo mwenye kadi ya gigabaiti 128 hucheka akisikia haya, na mimi huona amepoteza kitu. Mpiga picha wa springi alilazimika kuihariri filamu kichwani kabla ya kubonyeza. Alijua mkato uko wapi kwa sababu sekunde ya 29 haikuwepo. Matokeo yake si ya kudharauliwa: Fimbo ya Mnyonge katikati ya miaka ya 1970, kisha Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985, akiigiza Amandina Lihamba, ambayo ilitoka na tuzo kwenye tamasha la FESPACO huko Ouagadougou.

Kwangu, hata hivyo, kilele cha kipindi kile ni filamu ya mwanamke mmoja na mawe. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa Mikono Hii, dakika 45 kwenye machimbo ya Kunduchi nje ya Dar es Salaam, ambako wanawake, wengi wao wakimbizi wa Msumbiji, wanaponda mawe kwa nyundo ili yauzwe kama kokoto. Hakuna msimulizi. Hakuna mtaalamu aliyevaa miwani anayeelezea umaskini. Kamera inakaa. Nyundo inashuka, jiwe linapasuka, mtoto anacheza kando ya mama, nyundo inashuka. Mtazamaji anayesubiri mkato anaanza kusikia midundo, kisha anaanza kukadiria: rundo hili litajaa lini? Hapo ndipo anapoelewa kazi ni nini. Kwa kipimo cha saa, M'mbugu-Schelling anafuata sharti la Sellers kikamilifu, tendo linaonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Tofauti ni kwamba amewarefushia shoti wanaopigwa, wapate muda wao kwenye kioo; mtazamaji ndiye anayetakiwa kuwangoja. Sijaona mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba mbinu ileile inaweza kuwa matusi au heshima, kutegemea imeelekezwa kwa nani.

Kufikia hapo majumba ya sinema yalikuwa yanakufa. Metropole ya Arusha, iliyokuwa na foleni za Jumapili, ilipitiwa na wakati pamoja na wenzake wa Moshi na Tanga. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970. Pengo hilo likajazwa na kanda za VHS na vibanda umiza, na ndani ya vibanda akarudi yule mtu wa kipaza sauti. Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliingiza sauti yake juu ya filamu za Marekani, India na Hong Kong, akitafsiri, akitania, akimwonya shujaa kabla hajapigwa. Wenye mashaka walisema anaharibu filamu. Alikuwa anaihariri upya kwa sauti peke yake. Wanafunzi hufundishwa kuitanguliza sauti ya tukio lijalo kabla picha yake haijafika, ili mkato usigongane na jicho. Lufufu alifanya hivyo kwa saa nzima bila kukata fremu hata moja.

Kutoka hapo hadi Bongo Movie ni hatua fupi. Baada ya Girlfriend ya mwaka 2003 soko la kanda, kisha la diski, lilifumuka, na Steven Kanumba akawa uso unaojulikana kutoka Arusha mpaka Bukavu, hadi kifo chake Aprili 2012. Filamu ilipigwa kwa siku chache kwa kamera moja ya video, ikahaririwa kwenye kompyuta ya nyumbani, ikauzwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili kwa sababu diski mbili zinaleta fedha mara mbili. Hapo shoti ikarefuka tena. Gari linafika, linapita getini, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, mtu anatembea mpaka sebuleni, anakaribishwa juisi. Wakosoaji waliandika kwamba waongozaji hawajui kukata. Wengi walijua vizuri sana; walikuwa na dakika za kujaza kabla ya diski ya pili. Udhaifu halisi ulikuwa kwenye sauti, kipaza sauti cha kamera kikiwa mita tatu kutoka mdomoni na jenereta ya jirani ikiwa mita tano. Mpaka leo kazi nyingi za wanafunzi huangukia hapohapo, na Themi, yenye viwanda na malori yake, haimsamehe asiyebeba maiki ya kubana kifuani.

Miaka hiyohiyo, Arusha ilikuwa na kamera nyingine ambazo karibu hakuna aliyezihesabu kama sehemu ya historia ya filamu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ilikaa katika jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, na kurekodi vikao vyake kwa video hadi ilipofungwa Desemba 2015. Maelfu ya saa za watu wanaoongea, wanaonyamaza, wanaosubiri mkalimani. Mashahidi wengi walilindwa kwa majina ya herufi na nyuso zao hazikuonyeshwa kwa umma. Ni upigaji picha wa masharti makali kabisa: kamera haitafuti uzuri wala haichagui wakati mtamu.

Na mbele ya mahakama hiyo alisimama mpiga picha. Nick Hughes, Mwingereza, alikuwa Kigali Aprili 1994, juu ya paa la shule ya Kifaransa, alipoiona barabara ya mbali ambako watu walikuwa wanauawa. Alipiga kwa lenzi ndefu. Mauaji ya Rwanda yaligharimu mamia ya maelfu ya maisha, na picha za tendo lenyewe likitendeka ni chache mno. Ile ya kwake ni miongoni mwa hizo chache. Baadaye alikuja Arusha kutoa ushahidi, na insha yake kuhusu mkanda huo aliipa kichwa cha Kielelezo 467. Kwa kanuni za darasani shoti ile ina kasoro zote: iko mbali, inatikisika, haina sauti ya tukio, nyuso hazisomeki. Thamani yake imo ndani ya kasoro hizo. Mkato wowote wa mhariri ungempa wakili nafasi ya kuuliza kilichokuwa kati ya vipande viwili. Hughes mwenyewe aliporudi kwenye hadithi, na 100 Days ya mwaka 2001 aliyoitengeneza na Mnyarwanda Eric Kabera, alitumia waigizaji, mikato na muziki kama mwongozaji yeyote. Alijua zana gani ni ya kazi gani. Kumbukumbu za mahakama sasa zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji.

Upande wa pili, nguvu ya mkato, Tanzania iliujua kwa uchungu. Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare mwaka 2004, kuhusu sangara wa Mwanza na ndege za mizigo, na filamu ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani. Ugomvi mkubwa ulihusu silaha ambazo filamu inadokeza zililetwa na ndege hizo. Hakuna shoti inayoonyesha bunduki ikishushwa. Kuna ndege, kuna rubani anayeongea kwa kusitasita, kuna mkato. Ni Kuleshov na sahani yake ya supu, safari hii nchi nzima ikiwa ndiyo uso. Sisemi Sauper alidanganya. Nasema mwanafunzi aitazame filamu ile akiwa na kalamu, aandike kila anachokiamini, halafu mbele yake aandike kama alikiona au alikiunganisha.

Mambo ya zana yenyewe siku hizi ni mepesi kuyaeleza na magumu kuyatenda. Mwaka 2008 kamera ya picha za mnato ya Canon 5D Mark II ilianza kurekodi video ya hali ya juu, na ghafla harusi za Arusha zikawa na mandharinyuma yaliyofifia kama filamu za Hollywood. Simu ikafuata. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, basi ukipiga ndani chini ya taa za mirija kwa fremu 25, weka shata 1/50. Ukiacha simu kwenye fremu 30 ilivyotoka kiwandani, huenda picha ikapepesa. Jua la saa sita mchana, nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, linachimba mashimo meusi chini ya macho, na kamera ikiachiwa ipime yenyewe huangalia anga na kuutia giza uso wa mtu mweusi. Hilo nalo lina historia: kwa miongo mingi maabara zilipima rangi za mkanda kwa picha ya mwanamke Mzungu. Pima uso, anga liungue ikibidi. Au subiri Juni na Julai, mawingu yanapoifunika Arusha siku nzima na kuugeuza mwanga kuwa laini bila gharama ya kitambaa chochote. Amil Shivji, katika Vuta N'kuvute iliyofika Toronto mwaka 2021, alionyesha ngozi za Waswahili chini ya taa hafifu za Unguja zinavyoweza kung'aa pale mpiga picha anapoanza na uso, ukuta ukafuata.

Soko la kijana wa Themi, lakini, haliko Toronto. Kampuni za utalii zinataka klipu ya sekunde thelathini, ya kusimama wima kwa ajili ya simu, tembo aonekane ndani ya sekunde mbili za kwanza. Ni kazi halali na inalipa kodi ya chumba. Ina sharti lake la urefu wa shoti kama vile Sellers alivyokuwa na lake, na kama lile, linatokana na dhana ya mtu aliye mbali kuhusu macho ya mtazamaji.

Kama ningekuwa na sauti kwenye mtaala, kabla ya zoezi la daraja ningewaweka wanafunzi chumba cha giza. Kwanza ufukuzaji wa faru wa Hatari!, ambao wataushangilia, halafu dakika zote 45 za Mikono Hii, simu zikiwa zimezimwa, na asitoke mtu. Nakala ya filamu ya kwanza inapatikana popote. Ya pili kwa miaka mingi imesambazwa na California Newsreel, hivyo mwalimu wa Arusha anayetaka kuonyesha mawe ya Kunduchi itambidi aandike barua San Francisco.